Maji ya Jicho

Fomu ya mkaguzi ina kisanduku:
Mtoto anaweza kutaja hisia zake.
Tia alama, ndiyo au la.
Humo hata punje ya pishori haienei.

Jumatatu, Kisumu Ndogo, Malindi, saa tatu na robo.
Uji umekwisha, vikombe vimefudikizwa dirishani,
na Tsuma amemng'ata Awino
kwa ajili ya kifuniko cha mtungi,
cha buluu, chenye ufa,
ambacho kwa mmoja kilikuwa gurudumu
na kwa mwenziwe sahani ya harusi.

Alama za meno mkononi. Damu hamna.
Nikainama nimpoze aliyeumwa,
kumbe aliyeumwa kakauka macho,
anayelia ni yule aliyeuma.
Analia bila sauti, mdomo kaufumba,
kama mtu aliyejitwika ndoo
na hataki itone.

Wiki ya tatu hii, hajatamka neno.
Bibi yake alimleta kwa bodaboda kutoka Ganda,
akaniambia mlangoni, pikipiki ikinguruma:
"Mamaye yuko Saudia. Anakula. Halii."
Nami nikayaandika yote mawili
kama sifa.

"Mwalimu," Awino akasema,
akimgusa Tsuma shavuni kwa ncha ya kidole,
"ana pi wang'."
Ni nini hicho, mama?
Akanitazama kama kwamba mtoto ni mimi.
"Maji. Ya jicho."

"Hayo ni matozi!" Shekuwe akadakia.
"Nyanya yangu wa Kizingitini huyaita matozi."
Filsan naye: "Sisi ni ilmo.
Na mimi pia ni ilmo!" Akacheka peke yake,
maana kwao chozi na mtoto
huitikia jina moja.

Matozi.
Miaka thelathini sijalisikia darasani.
Nilitoka nalo Siyu nikiwa na miaka saba,
likaniponza hapa hapa mjini:
mwalimu aliliandika ubaoni,
akalikata kwa chaki nyekundu.
Sema machozi.
Darasa zima likaangua kicheko.
Nikasema machozi, nikiwa nayo.
Tangu siku hiyo nimekuwa bingwa wa ch,
chaki, cheti, chekechea,
na watoto wa watu niliowakata kwa chaki hiyo hiyo
sijawahesabu.

Leo mkono ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea.
Nikaurudisha pajani.
Nikaketi sakafuni, dera likizoa mchanga,
kwa kuwa sikujua la kufanya
na magoti yalikuwa yamechoka.

Pole nilikuwa nayo tayari ulimini.
Nikaimeza.

Ndipo Tsuma akafumbua mdomo,
akalitoa polepole, kama atemaye kokwa ya kunazi:
"Matsozi."

Hakuna aliyepiga makofi.
Shekuwe alilionja: matso, matso.
Filsan akalijaribu, likamponyoka na mate.
Kisha wote kwa pamoja, ovyo, kwa makelele,
matozi matsozi ilmo pi wang',
mpaka mwalimu wa darasa la kwanza akagonga ukuta,
na Tsuma, katikati ya zogo hilo, sasa analia kwa sauti,
sauti kubwa, mbaya, ya mkwaruzo,
ya mlango ambao bawaba zake zimeshika kutu.
Awino akamsogelea, si kumkumbatia.
Akamwekea mkono wake mbele ya macho
akawa anahesabu alama:
"Moja. Mbili. Tatu. Hapa mbona pana nafasi?"

Tsuma akavuta kamasi, akapanua kinywa,
akaonyesha.
Wakajazana wote kulichungulia pengo,
vichwa kumi na vinne, na cha kumi na tano changu.

Kifuniko kiko uvunguni mwa kabati hadi leo.
Kisanduku nacho
sijakitia alama.